Lupango ni ya nani? Mukanda njo unajibu



Kila kartye ya wafanyakazi wa migodi iko na lupango moja ambayo kila mutu anasema anamujua mwenyewe. Wa kwanza atakuambia ni ya kampuni. Wa pili atakuambia ni ya mukubwa mumoja wa Kinshasa. Wa tatu anaapa kwa jina la Mungu kwamba Wachina waliinunua zamani. Wote wanasema kwa nguvu, na hata mumoja hajaona mukanda.

Sisi wa sendika tumechoka na habari za kusikia. Mwaka uliopita tulipata kazi ya kutafuta mwenye lupango moja kwa njia ya vitabu vya Leta, biro kwa biro. Tunaandika hapa njia tuliyopita, kwa sababu familia nyingi zitaihitaji: wajane, watoto wa wafanyakazi waliokufa, wale waliotoka ku kazi kwa départ volontaire, na wale wote wanaokaa karibu na shimo la kampuni.

Ukuta mu uwanja wa mpira

Mu cité yetu kuko bulongo kubwa nyuma ya dispansere ya zamani. Kampuni njo ilijenga dispansere, masomo na uwanja wa mpira, wakati kazi ilikuwa nzuri. Kisha dawa zikaisha, dispansere ikafungwa, bati za juu zikaibiwa. Uwanja ulibakia. Watoto wanacheza pale, wamama wanauzisha mboga kandokando, na siku ya kilio tunafunga bâche pale pale, kwa sababu nyumba zetu ni ndogo.

Siku moja lori zilimwaga matofali. Kisha juma mbili ukuta ulikuwa umezunguka nusu ya uwanja, na juu yake waliandika kwa rangi nyekundu: «Propriété privée». Tuliuliza sentineli. Alijibu: «Ba papa, mukubwa yangu iko na mikanda yote. Miye ninalinda tu.» Jina la mukubwa hakulitaja.

Vijana walitaka kubomoa usiku ule ule. Tuliwaomba wangoje. Ukuta ukibomolewa na vijana, polisi wanakuya, na mutu aliyejenga bila haki anageuka kuwa mwenye kulalamika. Tulikaa saba wa komite, kila mutu akatoa franga za transport, tukagawana kazi: wawili ku commune, wawili ku kadasta, wawili ku biashara na migodi, na mumoja wa kuandika kila kitu mu kaye: siku, biro, jibu tulilopewa.

Haki tatu juu ya bulongo moja

Mbele ya kuanza kutembea, mutu aelewe kitu kimoja. Ulizo «hii ni ya nani?» liko na majibu matatu, na kila jibu liko na biro yake.

La kwanza ni bulongo yenyewe. Sheria n° 73-021 ya tarehe 20/07/1973, iliyosahihishwa tarehe 18/07/1980, inasema mu article 53 kwamba bulongo ni mali ya Leta peke yake, na Leta haiwezi kuiuzisha. Kwa hiyo mu Congo hakuna mutu anayenunua bulongo kama vile ananunua mbuzi. Anachopata ni haki ya kukaa juu yake na kuitumia. Haki hiyo inaitwa concession.

La pili ni hiyo concession. Article 219 ya sheria ile ile inasema kwamba haki juu ya kipande cha bulongo kilichotolewa na Leta inathibitishwa na mukanda mumoja tu: certificat d'enregistrement. Na concession haziko aina moja. Concession perpétuelle, ile isiyo na mwisho, inapewa mutu wa damu na nyama mwenye kuwa mu-Congolais. Kampuni haiwezi kuipata, na mugeni vilevile. Wao wanapewa concession ordinaire, kama emphytéose, ambayo haipiti miaka 25, ijapokuwa inaweza kufanywa upya. Kwa hiyo ukisikia kwamba kampuni ya kigeni «ilinunua milele», jua kuko uongo ao kuko kutoelewa.

La tatu ni mali ya chini: shaba, kobalti, na mengine. Kode minier ya 2002, iliyosahihishwa 2018, inaweka mali ya chini kuwa ya Leta, na inatenga haki ya kuchimba na haki ya kukaa juu. Mutu anaweza kuwa na permis ya kuchimba chini ya kartye nzima bila kuwa mwenye hata nyumba moja. Na mutu anaweza kuwa na certificat ya nyumba bila kuwa na haki ya kuchimba shimo mu saloni yake. Wa Kasulo, kule Kolwezi, wanajua habari hii vizuri, tangu watu walipoanza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao karibu mwaka 2014.

Yule mwenye ukuta alikuwa anachanganya haki hizi tatu kwa makusudi. Akiulizwa mukanda wa lupango, watu wake walijibu habari za permis. Akiulizwa permis, walijibu habari za commune. Njo maana tulizitenga.

Kwanza, tafuta nimero

Ukienda ku kadasta na kusema «ninataka kujua mwenye uwanja wa nyuma ya dispansere», hawatakusaidia. Vitabu vya Leta vinatembea na nimero cadastral. Nimero unaweza kuipata ku mikanda ya jirani, ku mukanda wa zamani wa familia, ao ku borne, yale mawe ya beto ambayo jeometre aliyapanda ku pembe za lupango. Mara nyingi borne imefunikwa na takataka, ao mutu aliing'oa. Sisi tuliipata moja nyuma ya choo cha masomo.

Biro ya kwanza yetu ilikuwa commune. Pale wanashika fiche parcellaire, na kuko familia ambazo zingali na livret de logeur ya wakati wa wazazi. Mikanda hiyo iko na faida. Inaonyesha nani alikaa pale, tangu wakati gani, na inaweza kukusaidia mbele ya juji. Lakini sio title. Burgumestre hatoi concession kwa kuandika fiche, na shefu wa kartye hatoi concession kwa kupiga muhuri. Hata preuve ya kulipa impôt foncier ku biro ya makuta ya provense inaonyesha tu nani alilipa; haisemi mali ni ya nani.

Ku commune tulikuta fiche ya uwanja wetu. Ilikuwa mupya, wino haujafifia, na iliandikwa kwa jina la mutu mumoja ambaye hakuna mutu wa cité anayemujua. Tuliandika jina mu kaye, tukashukuru, tukatoka. Wamoja kati yetu walitaka kufanya kelele pale pale. Hapana. Ulipata jina la kwanza. Sasa unaenda kuona kama kitabu kikubwa kinalijua.

Kitabu cha konservatere

Kwa mambo ya bulongo, mambo yanapita mu service mbili zinazofanya kazi pamoja. Cadastre njo inashika ramani: nimero, ukubwa, mipaka, borne. Conservateur des titres immobiliers, ambaye watu wanamuita tu konservatere, njo anashika kitabu cha majina, livre d'enregistrement. Kila certificat inafanywa mara mbili: moja inabakia mu kitabu, ya pili anapewa mwenyewe. Njo maana ku certificat unasoma «Volume» na «Folio». Ni kama anwani ya ukurasa wake mu kitabu. Mutu akikuonyesha certificat, andika volume, folio na tarehe. Kama ni ya kweli, ukurasa wa pili uko ku konservatere na unasema maneno yale yale. Kama ni ya uongo, kitabu kitakataa.

Njo hapa watu wengi wanarudi nyuma. Wanaogopa biro, wanakuta komisionere mu mulango anayesema: «Mama, leta franga, miye ninajua njia.» Sisi tulipita njia ya barua. Tuliandika barua ya kuomba habari: sisi ni nani, lupango gani, nimero gani, tunaomba kujua nini na kwa sababu gani. Tulitoa fotokopi mbili. Moja ilibakia kule, ya pili ilirudi na muhuri na tarehe ya kupokea. Bila muhuri huo, kesho watakuambia hawakukuona.

Kuko makuta ya kulipa, na makuta ya Leta yanalipwa kwa note de perception, ku banki, na unarudi na preuve. Anayeomba umupatie mu mukono bila karatasi hakuombei Leta, anajiombea. Tulisema vile kwa adabu, na mama mumoja wa gishe, mutu wa miaka yetu, alitucheka kidogo: «Ba papa ya sendika, munajua kusumbua.» Lakini alipokea barua. Tulirudi mara nne. Kila mara tuliandika mu kaye jina la biro na jibu. Mara ya nne tulipata jibu la kuandikwa.

Mu jibu kama hilo, soma vitu hivi. Jina la mwenye concession. Aina ya concession, na kama iko na mwisho, mwisho ni tarehe gani. Ukubwa. Charges, ni kusema kama lupango imewekwa rehani ku banki. Na mutations, ni kusema kama jina liligeuka, lini, na kwa mukanda gani: vente, succession, ao hukumu ya tribinali.

Angalia sana tarehe. Certificat iko na nguvu kubwa mu sheria yetu. Kama mutu aliipata kwa udanganyifu ao kwa kosa, inawezekana kuomba tribinali iifute, lakini sheria inatoa miaka 2 tu tangu certificat itolewe. Miaka 2 ikipita, unabakia na kesi ya kudai malipo, lakini lupango imekwenda. Familia inayongoja «mambo yatajipanga» inaweza kupoteza kila kitu kwa kungoja tu.

Jina likiwa la kampuni

Mara nyingi, mu cité zetu, jina mu kitabu ni la kampuni. Na makampuni ya huku yaligeuka majina. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa 1906. Mwanzo wa 1967 mali yake huku ilipita mukononi mwa Leta, ikaitwa Gécomin, na kisha Gécamines. Kwa hiyo ukikuta jina la zamani mu kitabu, usiseme mwenyewe alikufa. Lazima kufuata nani alirisi lile jina.

Kama ni kampuni ya leo, unaenda kutafuta mu registre de commerce, RCCM, ambayo tangu sheria za OHADA zilipoanza kutumika kwetu tarehe 12/09/2012 njo kitambulisho cha kila kampuni. Inaonyesha jina, makao, na nani ana haki ya kutia sinyatire. Statuts za makampuni zinachapishwa vilevile mu Journal officiel. Kwa makampuni ya migodi kuko njia nyingine: ITIE-RDC inachapisha habari za malipo yao na za watu wa kweli walio nyuma ya kampuni. Na tangu dekre ya tarehe 20/05/2011, mikataba ya Leta juu ya migodi inapaswa kuchapishwa mu siku 60.

Hapa usitafute jina la shefu tu. Tafuta nani anaweza kutia sinyatire. Mutu aliye na gari na kofia ya kampuni hawezi kuuzisha hata mulango wa kampuni kama hana huo uwezo. Mukanda wa vente uliotiwa sinyatire na mutu asiye na uwezo ni karatasi ya kufungia karanga.

Chini ya nyumba: ramani ya CAMI

Kwa mali ya chini, biro ni Cadastre minier, CAMI. Ramani yake ya permis inaonekana hata ku intaneti. Kijana yeyote mwenye telefone nzuri anaweza kukufungulia. Vijana wetu walifanya kazi hii vizuri kuliko sisi. Unaona vipande vya carré, na kila carré ni hektari 84,955. Kila permis iko na nimero, jina la mwenyewe, tarehe ya kuanza na ya mwisho.

Soma herufi. PR ni permis de recherches: anatafuta, hana haki ya kutoa mali na kuuzisha. PE ni permis d'exploitation: anachimba. PEPM ni ya mugodi mudogo. PER ni ya rejets, ile milima ya takataka ya usini tuliyokulia karibu nayo. ZEA ni fashi ya wachimbaji wa mikono, na inawekwa na ministre, hapana na shefu wa kartye.

Kuwa na PE hakumupi mutu ruhusa ya kuingia mu nyumba yako. Kode inasema, bila ukubali wa mwenyewe ao wa yule anayekaa kwa haki, mwenye permis hawezi kushika bulongo iliyo chini ya metre 180 kutoka ku nyumba. Na ikilazimika watu wahame, règlement minier ya 2018 iko na annexe nzima, ya XVIII, juu ya kulipa na kuhamisha watu. Kwa hiyo kampuni ikikuya na bahasha na kusema «tia sinyatire leo, kesho makuta yanaisha», jibu ni: tuonyeshe nimero ya permis, tuonyeshe liste ya watu na mali yao, tuonyeshe namna mulihesabu. Halafu tutaongea.

Tulichokikuta

Sasa tunarudi ku uwanja. Kadasta walituonyesha kwamba dispansere, masomo na uwanja viko mu nimero moja. Hakuna jeometre aliyeikata. Konservatere alijibu kwamba concession ya ile nimero iko kwa jina la kampuni iliyojenga cité, na mu kitabu hakuna mutation yoyote kwa mutu mwingine. CAMI ilionyesha kwamba chini yake kuko permis ya kampuni ingine kabisa, yenye haki ya chini tu. Na tuliandikia kampuni ya zamani. Service yake ya sheria ilijibu kwa barua kwamba haijauzisha uwanja kwa mutu.

Kwa hiyo majina yalikuwa matatu, na lile la ukuta halikuwa ku kitabu hata kimoja. Mutu yule alikuwa na fiche ya commune tu. Tulitia majibu yote mu dosye moja, tukaandika kwa burgumestre, kopi kwa meya, kopi kwa konservatere, kopi kwa parquet. Hatukuandika «mwizi». Tuliandika: huyu mutu ajenge kwa mukanda gani? Avoka mumoja rafiki wa sendika alisoma barua mbele hatujaipeleka, akafuta maneno mawili ya hasira.

Kazi ya kujenga ilisimama. Tusiwadanganye, wasomaji: ukuta ungali pale, nusu yake, na kesi iko mbele ya tribinali de grande instance. Watoto wanacheza ku upande unaobakia, goli moja imehamishwa. Lakini hakuna nyumba iliyosimama pale, na hakuna certificat mupya iliyotoka kwa siri, kwa sababu konservatere amekwisha kupokea barua yetu na muhuri wake uko juu.

Tena, tumejua kitu kingine. Concession ya kampuni ile ni emphytéose. Iko na mwisho. Siku ile itakapokuwa karibu, cité lazima iwe imeomba mbele uwanja na dispansere vibakie vya watu wote. Tusipoomba, mwingine ataomba.

Nyumba zetu wenyewe

Kutafuta uwanja kulitufungulia mambo makubwa kuliko uwanja. Wakati watu waliposikia tunaenda ku konservatere, walianza kutuletea mikanda yao. Mama mujane alileta bulletins de paie za bwana wake, zilizokunjwa mu mufuko wa plastiki, na ku kila moja tunaona makuta yaliyokatwa kwa ajili ya nyumba. Mwingine alileta barua ya kampuni inayosema «nyumba inaachiwa mufanyakazi». Mwingine alitoka ku kazi, na nyumba ilihesabiwa mu décompte final yake. Wote walikuwa wanasema: «Nyumba ni yetu, tulimaliza kulipa.»

Na walilipa kweli. Lakini kwa wengi, mu kitabu cha konservatere jina halijageuka. Mukataba ulifanywa, makuta yalikatwa, mutation haikufanywa. Mu macho ya kitabu, nyumba ingali ya kampuni. Siku kampuni inapewa mushirika mupya, ao siku mali yake inashikwa kwa deni, yule mujane anakuwa na plastiki ya karatasi mbele ya watu wenye certificat.

Karatasi zile ni za maana sana. Njo ushahidi wa kuomba mutation. Usiziache kwa mutoto wa muloko, usiziache kwa komisionere. Fanya fotokopi, shika original ku nyumba, na uanze kazi ya kugeuza jina wakati watu wanaojua habari ile wangali wazima.

Na kama baba alikufa, familia ifanye succession mbele ya tribinali, kusudi konservatere apate mukanda wa kugeuza jina. Tunasema kwa wajomba na ba shangazi, kwa heshima yote: Code de la famille ya 1987, iliyosahihishwa 2016, inaweka watoto wa marehemu mu fungu la kwanza la warisi, na inaachia mujane usufruit ya nyumba alimokaa na bwana wake. Ni kusema ana haki ya kukaa mule. Kumutoa mama inje kisha siku arobaini na kuuzisha nyumba haraka haraka sio desturi wala sheria. Na anayenunua nyumba ya namna hiyo ananunua kesi. Kama muko na wasiwasi kwamba mutu wa familia ataiuzisha, fanyeni kama watu wanavyofanya mu kartye nyingi, muandike ku ukuta: «Parcelle à ne pas vendre». Lakini ukuta peke yake hautoshi; pelekeni vilevile barua ku konservatere.

Kazi ya juma hili

Tunaomba kila familia ifanye kazi ndogo juma hili. Fungueni sanduku. Toeni mikanda yote ya nyumba, mutandike juu ya meza, watoto wakubwa wakiwa pale, kusudi na wao wajue. Tafuteni vitu vinne: nimero cadastral, jina lililoandikwa, aina ya mukanda, kama ni fiche, contrat ao certificat, na tarehe. Kama ni contrat de location ya Leta, angalieni muda wake, kwa sababu ule mukataba ni wa miaka 3 na unatazamia mujenge mu muda huo. Kama ni certificat, andikeni volume na folio ku karatasi ingine na muishike mbali na original, kwa sababu nyumba zinaungua na mifuko inaibiwa.

Halafu muulize swali moja tu: jina lililo ku mukanda, ni la mutu aliye hai na anayekaa hapa? Kama jibu ni hapana, muko na kazi ya kufanya, na ni bora muianze sasa, wakati hakuna anayegombana nanyi.

Sisi tutakuwa ku biro ya sendika kila siku ya posho kisha saa ya kazi. Leteni fotokopi, hapana original. Hatutoi certificat, na hatuombi franga. Tunasoma pamoja, tunaandika barua pamoja, na wale wenye lupango mu nimero moja wanaenda ku konservatere pamoja, kwa sababu kule ku gishe watu kumi wenye barua moja wanasikiwa haraka kuliko mama mumoja aliyesimama peke yake tangu asubuhi.